Fungu la Dharura

Jumatano, 1 Septemba 1993

Nimetoka sokoni. Maharage yamepanda tena. Juzi bei nyingine, leo nyingine, na muuzaji ananikazia macho kama mimi ndiye niliyeyapandisha. Nimefuta hesabu ya jana, nimeandika upya. Ufutio utakwisha kabla ya safari kuanza.

Safari ni Oktoba. Mtumbwi kutoka kivukoni Ifakara, kushuka na Mto Kilombero, kulala kwenye mafungu ya mchanga na kwenye madago, kambi za wavuvi, kisha kurudi. Tumeisema tangu tuko shule. Aliyeanza ni Zainabu, siku mwalimu wa jiografia alipouchora mto ule ubaoni na kusema bonde lake lina wanyama kuliko watu. Zainabu akaninong'oneza kwamba tutakwenda. Umri ule mtu husema lolote. Sasa sisi ni wanawake wa miaka thelathini na kitu, na tunakwenda kweli: Zainabu, Rehema na mimi.

Mshika fedha ni mimi. Wanasema nina mkono wa birika, kwa hiyo fedha zitakuwa salama. Sikatai.

Ofisini minong'ono. Shirika letu la nafaka litapunguza watu wengine. Mwaka jana walimpunguza Zainabu. Alikuwa mpiga chapa, meza yake mbele ya yangu. Sasa anakaanga vitumbua sokoni Sabasaba. Safari hii nani? Sitaki kuandika.

Jumamosi, 4 Septemba

Wamekuja kwangu wote wawili. Rehema na sare yake ya uuguzi, katoka zamu moja kwa moja. Kaka yake wa Ifakara kaleta jibu. Mtumbwi mzuri umepatikana, na wapiga kasia wawili. Unabeba abiria watatu na mizigo yao. Wa nne ni wa viboko, ndivyo alivyosema.

Tumepiga hesabu. Basi, mtumbwi, posho ya wapiga kasia, mchele wa Dakawa, sukari, mafuta ya taa, turubai, klorokwini. Elfu tisa kila mtu. Zainabu kahesabu kwa vidole, kasema akijibana vitumbua vitatosha. Mimi nikasema turubai la kukodi ni rahisi kupata. Zainabu akacheka. "Tekla anadanganya huyo. Kasafisha koo." Ni kweli, nilikuwa sijauliza popote. Hawa watu wananijua kupita kiasi.

Zainabu kaondoka, kaacha kikombe chake palepale mkekani. Kawaida yake. Tangu tujuane hajaosha kikombe nyumbani kwangu hata mara moja. Anasema anayeosha kikombe ni mgeni. Nimekiosha huku nanung'unika peke yangu.

Jumanne, 7 Septemba

Bi Joyce alikuja ofisini kuulizia ghala. Ni meneja wa ile kampuni mpya ya kununua mazao, karibu na stesheni. Ana gari. Ana simu mezani na simu yenyewe inaita. Alinikuta namsimulia karani mwenzangu habari za mtumbwi. Akasimama, akasikiliza, akasema amechoka na mahoteli ya Dar, nasi tumhesabu. Nikasema, karibu sana, nafasi ipo.

Neno liliniponyoka. Nafasi haipo.

Wakati anatoka akaniambia kampuni yake inatafuta mtu anayejua hesabu za ghala la nafaka. Hakusema mimi. Alinitazama tu.

Alhamisi, 9 Septemba

Siku mbili nalifikiria jambo hili. Kumtoa Rehema haiwezekani, mtumbwi kaupata kaka yake. Kumwambia Bi Joyce hapana, siwezi, na siku ya panga la shirika inakaribia. Kujitoa mimi? Siku nne ndani ya mtumbwi mmoja na mtu mwenye kazi mkononi. Usaili gani utaushinda huo?

Anabaki Zainabu.

Na ukweli wenyewe ni huu: namwonea aibu. Nguo zake zinanuka mafuta ya kukaangia. Anacheka hadi kila jino lionekane. Atamsimulia Bi Joyce jinsi nilivyolia wiki nzima bwenini, kidato cha kwanza, nikimtaka mama. Nimeandika. Liko hapo, silifuti.

Siwezi kumwambia usije. Safari ni yake kuliko yetu. Lakini bei zinaweza kumwambia. Zamani bei ilibandikwa ukutani dukani, mwongo angeumbuka siku hiyohiyo. Siku hizi ni ruksa, kila asubuhi na bei yake. Nani atanibishia? Nimeongeza mstari mmoja chini ya hesabu: Dharura. Elfu sita kila mtu. Jumla elfu kumi na tano. Hatazipata. Atajitoa mwenyewe, kwa heshima zake, na mimi nitasikitika.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimewasomea. Rehema alinitazama juu ya miwani. Zainabu aliuliza dharura ndiyo nini. Nikamwambia ni jambo lisilojulikana. Akauliza, kama halijulikani, bei yake nimeijulia wapi.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wao. Kisha nikasema bei zimepanda, si mimi, ni soko. Sikumbuki kama nilisafisha koo.

Zainabu alihesabu kwa vidole. Akaomba nimpe hadi tarehe ishirini na tano. Kikombe kakiacha mkekani.

Jumapili, 12 Septemba

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kaja kabla hata ya mtoto. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 17 Septemba

Nilitaka kupita njia ya nyuma, miguu ikanipeleka Sabasaba. Zainabu yuko pale na kikaango chake, moshi umemwingia macho. Nilitegemea aseme kwamba ameshindwa. Hakusema. Kanifungia vitumbua vinne kwenye gazeti, kakataa hela. Kasema mimi ndiye benki yao, na benki haitozwi.

Nimevila njiani nikitembea, mtu mzima mimi. Nilitamani viwe vibaya. Vilikuwa vitamu.

Jumanne, 21 Septemba

Bi Joyce alinipa lifti hadi nyumbani. Majirani wameona. Kanunua kofia pana ya ukindu kwa ajili ya jua la mtoni. Aliuliza kama kuna mahali pa kuogea, aliuliza kama mamba ni wengi, mwisho akauliza nani mwingine anakwenda. Nikasema rafiki yangu mmoja, muuguzi. Nikakomea hapo. Zainabu nikawa nimemshusha kabla ya safari, ndani ya gari la watu.

Kuhusu kazi kasema tutaongea vizuri tukiwa majini.

Jumamosi, 25 Septemba

Kaleta.

Zote. Zimefungwa kwenye pindo la kanga, noti nyingine mpya kabisa, hazijakunjwa. Alinihesabia mwenyewe mkekani, anacheka. Nikamuuliza kazipata wapi. Akasema, "Nimeuza maua."

Sikumwelewa. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini. Nyumbani kwao Kinole wana miti ya machungwa nyuma ya nyumba, shamba la upande wa mama yake. Sasa imechanua. Wafanyabiashara wenye malori hupanda hadi huko na kununua mti ungali na maua. Mnunuzi analipa leo, anapiga duara la chokaa kwenye shina, na kuanzia hapo mti ni wake mpaka avune. Chungwa likiiva ni lake. Likianguka ni lake. Bei ya maua ni ya kutupa, maana hasara ya upepo na mvua ni juu yake mnunuzi. Ndivyo wanavyosema wanunuzi. Kwa miti yote wamempa elfu saba.

Machungwa yale ndiyo chumvi ya mama yake, mafuta yake ya taa na sabuni yake, mwaka mzima. Hilo sianzi kulisikia leo. Nilipelekwa kule likizo nikiwa msichana. Nimekula pale.

Nilizipokea. Mkono wangu ulizipokea. Nikamwandikia na risiti.

Jumapili, 26 Septemba

Nilikwenda misa. Wakati wa komunyo sikuinuka. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumatano, 29 Septemba

Sasa tuko wanne na mtumbwi ni wa watatu. Hesabu yangu mwenyewe imenishinda. Mshika fedha gani huyu.

Nimewaza kumwambia Zainabu ukweli. Nimewaza hadi maneno. Halafu namwona anazihesabu zile noti huku anacheka, nayameza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema kwamba mwisho wake kuna ukuta. Nitakwenda kuyanunua yale maua yarudi.

Jumapili, 3 Oktoba

Nilipanda pikapu hadi Mkuyuni. Mnunuzi wa machungwa anajulikana, ana lori la buluu na kibanda karibu na soko. Bwana mstaarabu. Alinipa kiti, akanipa soda. Nikamwambia kuna miti Kinole, ya mama fulani, mwanawe aliiuza kwa haraka, nataka kuirudisha. Nilikuwa na akiba yangu, na fedha ya safari yangu, na zile sita za dharura za Zainabu. Nilidhani nimekuja na mtaji.

Akasema elfu thelathini.

Nikamwambia alitoa saba, wiki juzi tu. Alikubali, hakubisha. Akasema, "Bei zimepanda, dada. Si mimi, ni soko."

Maneno yangu. Moja baada ya jingine, kama niliyompa mimi ayatunze. Tofauti ni kwamba yeye hakusafisha koo, maana kwake ni kweli. Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi ambalo lisingenirudia. Soda niliiacha nusu.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimewaita kwangu, Rehema na Zainabu. Nikatangaza mambo mawili. La kwanza, nimezunguka tena madukani, bei zimeshuka, dharura imefutwa, kila mtu anarudishiwa sita zake. Rehema akasema tangu azaliwe hajasikia bei imeshuka nchi hii. La pili, mimi siendi. Ofisini wamenikatalia likizo. Nafasi yangu atachukua Bi Joyce, mama mmoja mwema, wamkaribishe.

Likizo sikuomba.

Kwa hiyo Bi Joyce kapata mtumbwi, kazi yangu haijaharibika, na sitakaa siku nne nimetazamana na Zainabu. Nimejifikiria mimi tena, na safari hii nimepigiwa makofi. Rehema kanishika bega. Zainabu alitokwa machozi. Akasema, "Safari bila wewe, Tekla?" Halafu akasema basi atauangalia mto na macho yangu pia.

Nilitaka aniache nikae peke yangu. Alipoondoka nilipiga teke ndoo. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimewasindikiza stendi. Zainabu kavaa raba za Rehema, zimemzidi. Bi Joyce na kofia yake. Basi la Ifakara likaondoka na watu, kuku na turubai letu. Zainabu alitoa nusu ya mwili dirishani kunipungia. Nilipunga hadi mkono ukachoka.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimetoka Kinole, miguu inawaka moto. Gari hadi Mkuyuni, kisha kupanda kwa miguu. Nilibeba sukari, sabuni, na bahasha yenye akiba yangu. Nilipanda kusema ukweli.

Mama yake Zainabu alikuwa anaanika pilipili manga uani. Amezeeka, mgongo umeinama, macho ni yaleyale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikumbatia na vumbi lake la pilipili hadi nikapiga chafya. Alisema sukari yote hiyo kama nimekuja kuposa.

Miti iko nyuma ya nyumba. Kila shina na duara lake jeupe la chokaa. Maua yameshaanza kupukutika, vichungwa vimeshika, vidogo kama gololi. Juu kabisa yalibaki machungwa machache ya msimu uliopita, manjano, yameiva kupita kiasi. Nilikuwa na kiu na nadhani niliyatazama.

Akaniona. Akasema ningoje. Akateremka mwenyewe na mgongo wake hadi kijitoni, akavuka kwenda kwa jirani, akarudi na machungwa mawili kwenye upande wa kanga. Ameyaomba. Mwenye miti kaenda kuomba chungwa.

Nikasema lakini yale ya juu. Akasema yule bwana kanunua mti wote, na ya juu pia. Alisema bila uchungu, kama anayetaja siku ya gulio. Akanimenyea. Nikala yote mawili, kwa sababu kuyaacha kungekuwa kumtukana. Sikujua maganda niyaweke wapi.

Kisha nikaanza. Nikasema, mama, ile bei ya safari. Akanikatiza. Habari ile anaijua, Zainabu alimweleza.

Nilidhani sijasikia. Akarudia taratibu, huku anageuza pilipili zake. Zainabu alifika mwezi uliopita, akakaa pale nilipokaa mimi. Akamwambia mama yake, Tekla hanitaki mtumbwini. Kaongeza bei ili nishindwe. Kasafisha koo mara tatu akiisoma. Mama akamwambia basi usiende, waachie mto wao. Zainabu akasema, "Nisipolipa, mama, nitakuwa nimekubali."

"Ndipo na mimi nikamwambia haya, uza maua."

Nilimpa bahasha. Hakuipokea. "Hukunitoza mimi," alisema. "Mpe mwenyewe."

Akanifungia ndizi za kula njiani. Aliniuliza wenzangu wanarudi lini, na kama mto ule una mawimbi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kwa hiyo siku ile ya noti alikuwa anajua. Alipokuwa anazihesabu mkekani, anacheka. Vitumbua vya bure, alikuwa anajua. Kuhusu machozi yale sijui nifikirie nini. Alinipa mwezi mzima wa kusema, na mimi nikampa risiti.

Alhamisi, 14 Oktoba

Zainabu kaja saa kumi. Amekuwa mweusi kwa jua, viganja vina malengelenge, maana alimnyang'anya kasia mmoja wa wale wanaume. Kaniletea kambale wa kukaushwa. Kaniambia nimloweke kwanza, ana chumvi nyingi.

Alinisimulia yote. Sheshe, wale swala wa bondeni, walivyokuja kunywa maji kundi zima, hawajui binadamu ni nani. Kiboko aliyewafuata hadi Rehema akaanza kusali. Kofia ya Bi Joyce ilichukuliwa na upepo siku ya kwanza, mwenyewe akacheka hadi akakohoa. Mama yule hana makuu, Zainabu anasema. Kila walipowasha moto alitaka hadithi za shule. Zainabu kamsimulia za kila mtu. Nikamuuliza kama alisimulia jinsi nilivyolia bwenini. Akasema hapana, ile ni yangu.

Nikamimina chai. Nikasafisha koo. Akainua macho, akangoja.

Nikaacha. Nikaanza upya bila kusafisha koo.

"Zainabu, ile dharura ilikuwa wewe."

Akasema, "Najua."

Nilisema na mengine. Ya gari la Bi Joyce, ya aibu, ya likizo ambayo sikuomba. Hakunisaidia hata neno moja. Nikampa bahasha, nikasema haitoshi kwa miti lakini ni ya mama. Akaipokea, hakuhesabu. Akainywa chai yake yote, hadi chini.

Halafu akainuka. Akachukua kikombe, akaenda nacho kwenye ndoo, akakiosha, akakisuuza, akakigeuza juu ya kichanja. Akajifuta mikono kwa kanga yake. Akanishukuru kwa chai, akaniaga vizuri, akaenda.

Kambale nimemloweka. Kikombe kimekauka, bado kiko kwenye kichanja.